Taa Isiyokula Mafuta

Nimeonelea niandike katika gazeti letu maneno machache juu ya taa ndogo za LED, zile zilizomo katika tochi, katika simu, na katika taa za jua ambazo siku hizi zauzwa toka Kasese mpaka Bwera. Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni swali la nyanya yangu. Ya pili ni kosa langu mwenyewe, ambalo nitalieleza waziwazi ili mwingine asilifanye.

Kwetu ni Ibanda, wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori, kwenye njia waipitayo wageni waendao Nyakalengija kupanda mlima. Mto Mubuku hauko mbali nasi, na kule Bugoye maji yake yazungusha mitambo ya umeme yenye nguvu za megawati 13 tangu mwaka 2009. Lakini umeme kupita jirani si umeme kuingia nyumbani, na nyumba yetu haijaunganishwa na nyaya hizo. Miaka mingi tulitumia kibatari cha mafuta ya taa, kisha baba mdogo akanunua katika soko la Mpondwe taa ya jua yenye kibao cha kuanikwa mchana. Ilipowaka usiku wa kwanza nyanya aliitazama kwa muda mrefu, akaigusa, akaona haina moto. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, taa hii yala nini?"

Nikamjibu, "Yala umeme, Nyanya."

Akasema, "Hilo ni jina tu. Mimi nimekuuliza chakula."

Nilinyamaza, maana nilikuwa sijui.

Sasa kosa langu. Katika likizo ya baada ya muhula wa pili betri ya taa ile ilidhoofika, nuru ikawa hafifu. Nikajiona fundi. Niliifungua taa, nikazitoa nyaya zake, nikaziunga moja kwa moja na betri ya pikipiki ya baba mdogo, yenye volti 12. Nilidhani umeme mwingi utaleta nuru nyingi. Taa iliangaza mara moja kwa ukali, ikatoa harufu ya kuungua, ikazimika isiwake tena. Dada yangu mdogo alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa Primary Seven. Basi akarudi kwenye kibatari kwa wiki tatu, na asubuhi alikuwa na masizi puani. Hakuna aliyenigombeza, na jambo hilo lilinichoma zaidi kuliko kugombezwa.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa fizikia habari yote. Hakunipa jibu. Alinipa sanduku la tochi mbovu na ufunguo wa maabara, akasema nichague wenzangu wawili tukatafute. Hayo tuliyoyapata ndiyo nitakayoyaeleza.

Kila kitu kimejengwa kwa atomi, na katika kila atomi mna elektroni, ambazo ndizo zinazobeba umeme katika nyaya. Katika shaba, kama ile ambayo mawe yake yalichimbwa kwetu Kilembe toka miaka ya 1950, elektroni nyingine hazikufungwa mahali pamoja bali hutembea huru, na kwa hiyo shaba hupitisha umeme vizuri. Katika kioo au plastiki elektroni zimeshikwa sana, na umeme haupiti. Katikati ya hayo mawili vipo vitu vya namna ya tatu, ambavyo havipitishi umeme kama shaba wala havikatai kabisa kama kioo. Hivi twaviita nusu-vipitishi. Silikoni, ambayo hupatikana katika mchanga, ni mmoja wao. Taa za LED, na vyombo vilivyomo ndani ya simu, vyote vimetengenezwa kwa nusu-vipitishi.

Ili kuelewa tofauti zao, wewe msomaji fikiri juu ya mlima wetu. Fikiri kuna uwanda wa chini na uwanda wa juu, na kati yake kuna genge lililosimama wima. Elektroni zilizo uwanda wa chini zimebanana, haziwezi kwenda popote. Zilizo uwanda wa juu zina nafasi, nazo hutembea. Gengeni hakuna hata moja iwezayo kusimama. Katika kioo genge hili ni refu mno, hakuna elektroni ipandayo. Katika shaba hakuna genge lolote. Katika nusu-kipitishi genge lipo, lakini urefu wake ni wa kadiri, na mtu mwenye maarifa aweza kuzipandisha elektroni na kuzishusha apendavyo.

Wote tunajua kwamba maji yakianguka hutoa nguvu, na kadiri yaangukavyo kutoka juu zaidi ndivyo nguvu zinavyozidi. Hii ndiyo kazi ya Bugoye. Elektroni nayo ikianguka kutoka uwanda wa juu hutoa nguvu. Lakini hapa ipo tofauti kubwa. Maji yaweza kushuka polepole, yakipita jiwe hili na jiwe lile. Elektroni haina jiwe la kukanyaga katikati, bali hushuka genge lote kwa mara moja, na nguvu zake zote huzitoa katika fungu moja la nuru. Fungu hilo laitwa fotoni. Mjerumani Max Planck ndiye aliyeonyesha mwaka 1900 kwamba nguvu za nuru huenda kwa mafungu, na Albert Einstein akaliendeleza jambo hilo mwaka 1905.

Na rangi ya nuru ni nini? Ni ukubwa wa fungu, basi. Nuru nyekundu ni ya mafungu madogo. Ya manjano yamezidi kidogo. Ya kijani yamezidi tena. Ya buluu ni makubwa. Kwa hiyo urefu wa genge ndio unaoamua rangi ya taa. Ukiongeza umeme, elektroni nyingi zaidi zitaanguka, nawe utapata mafungu mengi zaidi, lakini kila fungu litabaki na ukubwa ule ule. Hili ndilo neno nilitakalo msomaji alishike, maana yote yanayofuata yatoka humo.

Ndani ya LED wataalamu wameunganisha pande mbili za nusu-kipitishi. Upande mmoja wametia atomi chache za kigeni zenye elektroni za ziada, ambazo hukaa uwanda wa juu. Upande wa pili wametia atomi zenye upungufu, hata uwanda wa chini ukawa na nafasi tupu. Betri ikiunganishwa sawasawa, elektroni husukumwa toka huku na nafasi tupu toka kule, zikakutana katikati. Hapo elektroni huanguka katika nafasi, na nuru hutoka. Ukiigeuza betri, haziwezi kukutana, na taa haiwaki. Hakuna kinachoungua humo, wala waya unaowekwa moto. Katika taa za zamani za waya mwembamba, sehemu kubwa mno ya umeme hugeuka joto, karibu sehemu 9 katika 10, na kidogo tu huwa nuru. Ndiyo maana nyanya aliigusa LED asiungue.

Je, tutajuaje kwamba habari ya genge ni ya kweli wala si hadithi? Sisi watatu tulijaribu hivi. Tulichukua LED tatu, nyekundu, ya manjano na ya buluu. Kila moja tuliiunganisha na betri kupitia rezista, tukaongeza volti polepole sana tukiwa gizani, tukiangalia voltimeta. Tuliandika volti ambazo nuru ya kwanza kabisa ilionekana. Nyekundu ilianza kwenye volti 1.7, ya manjano kwenye 1.8, na ya buluu kwenye 2.45. Tulirudia mara tano, na mfuatano haukubadilika hata siku moja. Buluu haikukubali kuwaka kwa volti zilizoitosha nyekundu, hata tulipongojea. Genge lake ni refu zaidi, na asiyefika juu hawezi kuanguka.

Kisha tulipiga hesabu. Karatasi iliyokuja na LED ilituambia kwamba urefu wa wimbi la nuru nyekundu ni nanometa 630, na wa buluu ni nanometa 465. Kutokana na hayo tukapata idadi ya mawimbi kwa kila sekunde, na tofauti baina ya rangi hizo mbili ikawa 1.69 × 10¹⁴. Tofauti ya volti ilikuwa 0.75. Ukizidisha volti hizo kwa chaji ya elektroni, yaani 1.6 × 10⁻¹⁹, kisha ukagawanya kwa tofauti ya mawimbi, utapata 7.1 × 10⁻³⁴. Vitabu husema namba ya Planck ni 6.6 × 10⁻³⁴. Tulikosa kwa sehemu 7 hivi katika mia, lakini tulipoiona namba ile ikitoka katika tochi mbovu tulishangilia hata mwangalizi wa bweni akaja kutazama kuna nini.

Labda mtu atauliza: kwa nini taa hizi hazikuwapo zamani za babu zetu, hali maarifa ya Planck yalikuwapo? Sababu ni kwamba si kila nusu-kipitishi hutoa nuru. Silikoni, kwa mfano, ni hodari wa kupokea nuru lakini mvivu wa kuitoa. Elektroni zake zikianguka, karibu nguvu zote hugeuka joto. Walihitaji vitu vingine. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza LED iliyotoa nuru nyekundu ya kuonekana. Nyekundu ikafuatwa na manjano na kijani, lakini buluu ikawashinda watu miaka 30, na pasipo buluu haiwezekani kupata nuru nyeupe ya kusomea.

Kitu chenye genge la kutosha kilijulikana, nacho ni galiamu naitraidi. Shida ilikuwa kukipata bila nyufa. Wengi walikata tamaa wakakiacha. Wajapani watatu hawakukiacha: Isamu Akasaki na Hiroshi Amano katika Chuo Kikuu cha Nagoya, na Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia. Waliikuza fuwele yake juu ya sahani ya yakuti, wakipitisha gesi kwenye joto la digrii 1,000 hivi, hata atomi zikatua tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1993 Nakamura alionyesha LED ya buluu yenye nuru kali, na mwaka 2014 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hapa sasa twafika kwenye jambo la ajabu kuliko yote, yaani udogo. Chukua milimita moja uigawe sehemu 1,000,000. Sehemu moja ndiyo nanometa. Ukucha wako hukua kiasi cha nanometa 1 kila sekunde. Basi katika LED ya buluu, mahali elektroni zinapokutana na nafasi tupu ni tabaka lenye unene wa nanometa 3 hivi, ambalo ndani yake wametia kidogo madini ya indiamu. Ukucha wako umekua zaidi ya hapo tangu ulipoanza kusoma sentensi hii. Tabaka hilo limebanwa huku na huku na tabaka zenye genge refu zaidi, kama bonde jembamba kati ya milima miwili. Elektroni ikiingia humo haitoki kirahisi, na hapo hapo hukutana na nafasi yake, ikaanguka na kutoa nuru. Bila bonde hilo elektroni nyingi zingepotea njiani bure.

Tena bonde jembamba hivyo lina sheria yake. Elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi lililofungwa mahali padogo hufanana na uzi wa zeze. Mpiga zeze akiufupisha uzi kwa kidole, sauti hupanda. Vivyo hivyo wataalamu wakilipunguza unene tabaka, elektroni hupandishwa juu zaidi, fungu la nuru huwa kubwa, na rangi huelekea buluu. Wapo waliofanya vivyo hivyo kwa chembe zilizofungwa pande zote, zenye upana wa nanometa chache tu. Kitu ni kile kile kimoja, lakini chembe kubwa zang'aa nyekundu, na ndogo zang'aa kijani au buluu. Kwa kazi hiyo Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, na chembe hizo zatumika katika televisheni nyingine za siku hizi. Hivyo leo mwanadamu hachagui rangi kwa kuchagua kitu peke yake, bali hata kwa kukipima.

Na nuru nyeupe je? LED nyeupe ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa manjano. Nuru ya buluu ikiupiga unga, sehemu yake hugeuka manjano. Manjano ikichanganyika na buluu iliyobaki, jicho huona nyeupe. Msiniamini mimi. Ichukueni tochi ya LED iliyozimwa, mwangalie ndani ya kila taa, nanyi mtaona doa la manjano.

Sasa naweza kueleza kwa nini niliiunguza taa yetu. LED nyeupe yataka volti 3 hivi, maana hicho ndicho kimo cha genge lake pamoja na upotevu wa njiani. Ikiisha kupata kiasi hicho, ukizidisha volti kidogo tu mkondo huongezeka sana. Mimi sikuizidishia kidogo, bali mara nne. Elektroni zilimiminika kama mafuriko, na kipande chenyewe cha nusu-kipitishi, ambacho hakifiki milimita moja, hakikuweza kuutoa moto uliopatikana. Nuru ya ziada niliyoitaka haikuwamo katika volti 12. Fungu la buluu lina ukubwa wake, na ukali wa betri hauwezi kulikuza.

Dawa yake ni rezista, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya andazi. Hesabu ni hii: volti 12 za betri, ukitoa 3 za LED, hubaki 9. LED ndogo yataka mkondo wa milliampea 20, yaani ampea 0.02. Gawanya 9 kwa 0.02, utapata omu 450. Dukani utapata ya omu 470, nayo yafaa. Wanafunzi wote wa kidato cha tatu wamefundishwa hesabu hii. Mimi pia nilikuwa nimefundishwa, nikapata alama nzuri katika mtihani, lakini siku ile nyumbani sikuikumbuka, kwa kuwa nilidhani ni hesabu ya daftari.

Siku ya wazazi kutembelea shule, baba mdogo aliniletea taa ile katika mfuko. Niliitia LED mpya, yeye akanunua betri ndogo mpya, na jioni ile ile akairudisha Ibanda. Dada yangu aliitumia mpaka siku ya mtihani. Zile wiki tatu nilizompotezea sikuweza kumrudishia.

Likizo ya Desemba nilikaa na nyanya uani, nikamwambia, "Nyanya, sasa najua taa yala nini." Nikamwonyesha kibao cha jua. Nilimweleza kwamba nacho kina genge ndani yake, ila kazi yake yaenda kinyume. Nuru ya jua hupiga elektroni zilizo chini na kuzipandisha uwanda wa juu. Umeme huo hujaza betri. Na usiku, ndani ya taa, elektroni huanguka na kutoa nuru. Kibao hupandisha, taa hushusha. Kwa hiyo taa hula jua la mchana uliopita.

Akafikiri kidogo, akasema, "Basi siku za mvua italala njaa."

Nikamwambia ndivyo, na ndivyo ilivyo kweli. Hajasoma darasa hata moja, lakini aliona upungufu wa chombo upesi kuliko mimi niliyekifungua kwa bisibisi.

Namalizia kwa ombi. Wanafunzi wenzangu, msifungue taa za nyumbani kabla ya kupiga hesabu. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio kazini Kasese, Fort Portal, Kampala na kwingineko, tochi na taa za jua zikiharibika msizitupe. Nyingi zimeharibika betri au waya tu, na LED zake ni nzima. Zileteni shuleni mjapo kututembelea. Maabara yetu yahitaji nyingine za kijani ili tuikamilishe ile hesabu ya Planck, na mwaka huu twataka tulipunguze lile kosa la sehemu 7 katika mia.